Dume Tasa si Maksai: Nzi wa Maembe na Hatima ya Visiwa vya Lamu

Wafugaji humwita fahali aliyehasiwa maksai. Maksai hulima, huvuta mkokoteni na hunenepa, lakini hana haja na ng'ombe jike. Uwezo wa kuzaa umemtoka pamoja na hamu ya kupanda. Lugha hiyo hiyo ina neno tasa, ambalo humtaja kiumbe asiyezaa bila kusema lolote kuhusu nguvu wala hamu yake. Maneno haya mawili hukaribiana kiasi kwamba msemaji asiye mwangalifu huweza kulitumia moja mahali pa jingine. Hata hivyo, tofauti iliyopo baina yake ndiyo inayobeba mojawapo ya mbinu kubwa zilizobuniwa katika karne ya 20 za kupambana na wadudu waharibifu: kuwafuga wadudu dume kwa mamilioni, kuwafanya tasa kwa mionzi, kisha kuwaachilia wakatafute majike wa mwituni.

Wengi wanaoisikia mbinu hiyo kwa juujuu hudhani kwamba wataalamu huwageuza nzi kuwa maksai. Lau ingekuwa hivyo, kazi yote hiyo ingekuwa bure, kwa kuwa nzi maksai asingemfuata jike, na jike angeendelea kuolewa na madume wazima wa mwituni. Dume tasa anatakiwa awe dume kwa kila hali isipokuwa moja. Aruke, ashindane, atongoze, akubaliwe na ajamiiane. Kisha mayai yatakayotagwa yasianguliwe.

Makala haya yanashikilia hoja moja. Kumfanya nzi awe tasa ni kazi nyepesi; kazi ngumu ni kumwacha akiwa dume kamili baada ya kumfanya tasa. Kwa hiyo, mpango wowote wa kutumia madume tasa dhidi ya nzi wa maembe katika visiwa vya Lamu upimwe kwanza kwa ubora wa dume kabla ya wingi wake. Aidha, kipimo hicho kifanyiwe mahali padogo panapofaa, mathalani Ras Kitau, kabla fedha za umma hazijatumika kujenga kiwanda.

Mgeni aliyeingia bila hodi

Mwaka 2003 watafiti walimgundua nchini Kenya nzi wa matunda ambaye hakuwa amerekodiwa kabla ya hapo barani Afrika. Asili yake ilikuwa Asia. Mwaka 2005 alipewa jina la kisayansi Bactrocera invadens, yaani mvamizi, na yapata miaka kumi baadaye wataalamu wakathibitisha kwamba ni yule yule aliyekuwa akijulikana Asia kwa jina la Bactrocera dorsalis. Jina lilibadilika, ila uharibifu ulibaki pale pale. Katika muda mfupi nzi huyo alikuwa ameenea katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara.

Namna anavyofanya kazi inafahamika na kila mkulima, hata asiyejua jina lake. Jike hutoboa ganda la embe linalokaribia kuiva na kutaga mayai ndani yake. Mayai huanguliwa yakawa mabuu, na mabuu hula nyama ya tunda kutoka ndani. Kwa nje embe huweza kuonekana zima, likiwa na kitone kidogo tu cheusi. Ndani tayari ni uozo. Tunda huanguka, mabuu hutoka na kujizika ardhini, hugeuka pupa, na baada ya siku chache nzi wapya hujitokeza. Katika joto la pwani mzunguko huo wote huchukua majuma machache. Jike mmoja huweza kutaga mamia ya mayai katika maisha yake.

Hasara haiishii shambani. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kuuza maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi hawa, na mlango huo haukufunguliwa tena hadi mwaka 2021. Kufunguliwa kwake kulitokana na jitihada za kuanzisha maeneo yenye nzi wachache, hasa katika Kaunti ya Makueni. Lamu, yenye maembe mengi upande wa bara huko Hindi, Witu na Mpeketoni, na yenye mashamba ya minazi na miembe ndani ya kisiwa chenyewe, ilibaki ikiuza kwa walanguzi na katika masoko ya ndani. Mkulima ambaye tunda lake huanguka kabla ya kuchumwa hana nguvu ya kubishania bei.

Funzo la Unguja

Afrika Mashariki si mgeni wa mbinu ya dume tasa. Kisa kinachofaa kukumbukwa kabla ya vyote ni cha kisiwa cha Unguja na mbung'o. Mbung'o wa aina ya Glossina austeni alikuwa akieneza maradhi ya nagana na kuudhoofisha ufugaji wa ng'ombe kisiwani humo. Kwanza ng'ombe walipakwa dawa na vitambaa vyenye sumu vikatundikwa msituni, hadi idadi ya mbung'o ikapungua. Kisha, baina ya mwaka 1994 na 1997, kwa ushirikiano wa serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayoshughulikia chakula na nishati ya atomiki, madume tasa zaidi ya milioni 8 yaliyozalishwa Tanga yaliachiliwa kwa ndege ndogo. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o.

Ushindi huo una mafunzo mawili, na mara nyingi ni moja tu linalotajwa. La kwanza ni kwamba kisiwa ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa bahari hupunguza wageni wanaoingia tena. La pili, ambalo husahaulika, ni kwamba mbung'o na nzi wa maembe si wa kulinganishwa kwa uzazi. Mbung'o jike hazai ila buu mmoja kwa wakati, na katika maisha yake yote huzaa wachache tu. Nzi wa maembe hutaga mamia. Kwa hiyo milioni 8 zilizotosha kwa mbung'o katika miaka mitatu zisingetosha kwa nzi wa matunda. Viwanda vya nzi wa matunda ulimwenguni, kama vile vya Mexico na Guatemala, hupimwa kwa mamia ya mamilioni kwa juma moja.

Hapa ndipo hatari ya kusifu wingi inapoanzia. Kiwanda kinachoweza kutoa nzi milioni 100 kwa juma huonekana kimefaulu hata kama nzi hao hawawezi kuruka vizuri. Hesabu ndogo itaonyesha hasara iliyopo. Tuseme kwa kila dume mmoja wa mwituni yameachiliwa madume tasa 100, nayo yana nguvu sawa na yeye. Kati ya ndoa 101, moja tu itazaa. Sasa tuseme dume tasa ana uwezo wa kutongoza unaofikia sehemu moja tu ya kumi ya uwezo wa dume wa mwituni. Madume 100 yatakuwa na thamani ya madume 10, na kati ya kila ndoa 11 moja itazaa. Ili kurudi katika hali ya kwanza, kiwanda kitalazimika kuzalisha madume 1,000 mahali pa 100. Gharama inakuwa mara kumi, nayo hailetwi na nzi wa mwituni bali na udhaifu wa yule aliyefugwa.

Bwana harusi anayekataliwa

Kwa nini dume aliyefugwa awe dhaifu? Sababu ni tatu. Kwanza, mionzi inayoharibu chembe za uzazi huumiza pia sehemu nyingine za mwili. Kipimo kikubwa cha mionzi huhakikisha utasa, lakini humpunguzia nzi nguvu. Kipimo kidogo humwacha na nguvu, lakini huweza kuacha uzazi kidogo. Pili, maisha ya kiwandani hubadilisha tabia. Nzi anayezaliwa katika kizimba chenye maelfu ya wenzake hahitaji kutongoza sana, kwa kuwa majike wako tele na hawana pa kukimbilia. Baada ya vizazi vingi, kinachobaki ni ukoo wa madume yenye haraka na yasiyojua adabu ya posa. Tatu, safari kutoka kiwandani hadi shambani, ikiwa na baridi ya kuwalaza na msongamano wa masanduku, huwachosha.

Jike wa mwituni hana haraka. Madume ya nzi wa matunda hukusanyika juu ya mti, kila mmoja kwenye jani lake, wakapepea mabawa na kutoa harufu. Jike huja, huangalia, hunusa, na mara nyingi huondoka bila kumchagua yeyote. Katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulieleza jambo la kutisha zaidi: baada ya madume tasa kuachiliwa kwa muda mrefu, majike wa mwituni wa mahali pale walionekana kuyakataa kuliko majike wa kwingineko. Waliokuwa wakiyakubali hawakuacha watoto. Waliokuwa wakiyakataa ndio walioacha. Yaani mpango wenyewe ulikuwa ukizalisha majike wajanja. Wingi bila ubora ulikuwa umegeuka kuwa mwalimu wa adui.

Wataalamu hawakukata tamaa, na majibu waliyoyapata yanastahili kufahamika na wasomaji wa Kiswahili. Jibu la kwanza lilikuwa kutenganisha madume na majike mapema. Kwa nzi wa matunda wa Mediterania, ambaye asili yake ni Afrika, ilipatikana mbari ambayo majike hutokana na pupa jeupe na madume kutokana na pupa la kahawia. Tena mayai yakiwekwa katika joto la nyuzi 34 kwa muda, viini vya kike hufa na vya kiume hubaki. Mbari hiyo ilitokana na mabadiliko ya kawaida ya urithi yaliyochaguliwa na kuunganishwa kwa uzalishaji, bila kupandikizwa jeni za kiumbe mwingine. Kuwaachilia madume peke yao kulionekana kufaa mara kadhaa kuliko kuwaachilia madume na majike pamoja, kwa kuwa dume asiye na jike wa kiwandani karibu naye hulazimika kumtafuta wa mwituni.

Jibu la pili lilikuwa chakula. Madume waliolishwa sukari na hamira siku chache kabla ya kuachiliwa walitongoza vizuri zaidi. Ilibainika pia kwamba mionzi huvuruga bakteria wanaoishi tumboni mwa nzi, na katika baadhi ya majaribio, kuwarudishia bakteria hao katika chakula kuliwarudishia nguvu. Jibu la tatu lilikuwa kupunguza hewa ya oksijeni wakati wa kuwapiga mionzi, ili utasa upatikane bila mwili kuumizwa mno.

Jibu la nne litawafurahisha watu wa Lamu kuliko wengine. Ni manukato. Nzi dume wa Mediterania akifukizwa harufu ya mafuta ya tangawizi kabla ya kuachiliwa hupata majike wengi zaidi. Nzi wa maembe, kwa upande wake, hupenda kemikali iitwayo methili eujenoli, ambayo hupatikana katika mimea kadhaa ukiwemo mrehani, ule ule unaofungwa katika vikuba vya harusi. Dume akiila, huigeuza mwilini kuwa harufu inayowavutia majike. Tena akishashiba, hamu yake ya kuifuata kemikali hiyo hupungua kwa muda. Faida yake ni kubwa, maana kemikali hiyo hiyo ndiyo chambo cha mitego ya kuwaua madume. Dume tasa aliyeshiba huipita mitego na kwenda kutongoza, ilhali dume wa mwituni mwenye njaa yake hunaswa. Wazee waliomfukiza bwana harusi udi kabla ya kumtoa hawangeshangazwa na ugunduzi huu.

Bahari ina milango

Watetezi wa visiwa husema kwamba Lamu, Manda na Pate zimezungukwa na maji, na kwa hiyo zitasafishika kama Unguja ilivyosafishika. Hoja hii ina ukweli nusu. Mfano wa Japani unaiunga mkono: katika visiwa vya Ogasawara nzi huyu huyu wa maembe aliangamizwa kwa madume tasa kufikia mwaka 1985, na katika Okinawa na visiwa vya jirani nzi wa matikiti aliangamizwa kisiwa baada ya kisiwa hadi mwaka 1993. Lakini Ogasawara iko mbali sana baharini. Manda imetengwa na bara kwa mkondo mwembamba wa Mkanda, na nzi wa maembe ana uwezo wa kuruka kilomita nyingi.

Zaidi ya hayo, nzi hahitaji kuruka. Husafiri akiwa buu ndani ya embe, embe ndani ya kikapu, na kikapu ndani ya mashua itokayo Mokowe. Kila msimu wa maembe mashua hizo huvuka mara nyingi kwa siku. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa mwaka 2021, barabara na vyombo vimeongezeka, na pamoja navyo njia za wadudu. Ni muhimu kuelewa kwamba dume tasa hana dawa ya jike aliyekwisha kujamiiana kabla ya kuvuka. Jike huyo hufika na mimba yake, na hutaga bila kumhitaji yeyote. Kwa hiyo, bila ukaguzi wa matunda gatini na bila wakulima wa Hindi na Mpeketoni kushirikishwa, mpango wa visiwani utakuwa sawa na kuchota maji kwa pakacha.

Ras Kitau iwe mizani

Ras Kitau ni ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela, na kati yake unapita mkondo unaoingia mji wa Lamu. Manda ina uhaba wa maji matamu wa tangu jadi. Mji wa Takwa ulihamwa katika karne ya 17, na hadi leo wakazi wa kisiwa ni wachache na mashamba ni haba. Kwa mtazamo wa kawaida hapo si mahali pa kilimo. Kwa mtazamo wa kipimo, hapo ni mahali pa thamani.

Jaribio linalopendekezwa ni dogo, la gharama ndogo, na linaweza kukamilika kabla ya msimu mmoja wa maembe kwisha. Madume tasa kutoka katika maabara yoyote inayokubalika yapakwe poda ya rangi, kama ilivyo desturi ya watafiti, na yaachiliwe Ras Kitau. Mitego iwekwe kwa umbali mbalimbali ndani ya Manda, ng'ambo huko Shela, na katika mashamba ya ndani ya kisiwa cha Lamu hadi Matondoni na Kipungani. Maswali yanayotafutiwa majibu ni manne. Je, dume aliyefugwa huishi siku ngapi katika joto na upepo wa kaskazi? Je, huenda umbali gani? Je, huuvuka mkondo? Na je, yule aliyelishwa na kupakwa manukato humshinda yule asiyetunzwa? Kwa kuwa wenye kushibishwa methili eujenoli hupunguza hamu ya chambo hicho, mitego mingine itumie chambo cha chakula, ili hesabu isije ikapotoshwa.

Jaribio hilo liambatane na lingine la kizimbani. Mwembe mmoja katika shamba la Lamu ufunikwe kwa wavu mkubwa, na ndani yake watiwe majike wa mwituni pamoja na madume wa mwituni na madume tasa kwa idadi sawa. Watazamaji wahesabu ndoa jioni, maana nzi wa maembe hujamiiana jua linapotua. Dume tasa akipata nusu ya ndoa, ni sawa na dume wa mwituni. Akipata sehemu ndogo mno, kiwanda kinachomzalisha hakistahili shilingi moja ya mlipa kodi hadi kirekebishe kasoro zake. Kipo pia kipimo cha kuruka ambacho hata mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kukiendesha: nzi huwekwa ndani ya mrija mweusi wa sentimita 10 kwenda juu, uliopakwa unga laini ndani ili wasiweze kupanda kwa miguu. Wanaotoka ni wale tu wenye mabawa yanayofanya kazi.

Pingamizi na majibu yake

Kuna wanaosema kwamba mbinu hii ni ya mataifa tajiri, na kwamba mkulima wa Lamu ana njia za bei nafuu. Pingamizi hili lina uzito. Kuokota maembe yaliyoanguka na kuyafukia chini kabisa ni njia isiyo na gharama ila jasho. Hema la wavu ambamo matunda yaliyooza hutiwa, ili nzi wasitoke ilhali nyigu wadogo wanaowashambulia wapate tundu la kupitia, linajulikana. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoanzishwa Nairobi na Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimefanya kazi kubwa ya kuleta nyigu hao na kutengeneza chambo cha chakula. Hata chungu maji moto wanaojenga viota vya majani juu ya miembe huwafukuza nzi, ijapokuwa huwauma pia wachumaji.

Jibu ni kwamba njia hizi hazishindani na dume tasa, humtangulia. Huko Unguja dawa na vitambaa vilitangulia, ndege zikafuata. Mvua ya madume tasa juu ya shamba lililojaa maembe yaliyooza ni sawa na kudeki chumba ambacho bomba linavuja. Lakini pia njia za usafi peke yake haziwezi kuwamaliza nzi, kwa sababu shamba moja lililotelekezwa hutosha kuwalisha majirani wote. Dume tasa ana sifa moja isiyo katika dawa wala katika wavu: humtafuta jike mwenyewe, hata katika mwembe usio na mwenyewe. Naye hufaa zaidi kadiri nzi wa mwituni wanavyopungua, wakati ambapo dawa hupoteza faida yake.

Wengine huhofia mionzi. Hofu hii haifai kudharauliwa, bali kuelezwa. Nzi aliyepigwa mionzi ya gama habebi mionzi hiyo mwilini, kama vile mtu aliyepigwa picha ya eksirei hatoki akiwa na eksirei ndani yake. Hang'ati, haenezi ugonjwa, na huishi siku chache tu. Mamilioni ya mbung'o wa aina hiyo yaliruka juu ya Unguja.

Lugha ni sehemu ya mbinu

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika. Mpango wa aina hii haufaulu bila idhini ya wenye mashamba, na idhini haipatikani kwa istilahi ambazo hata wanaozitamka hawazielewi. Mkulima akiambiwa kwamba nzi watakaoachiliwa wamehasiwa, atauliza kwa haki: basi watafanya nini? Akiambiwa ni hanithi, atacheka, na mkutano utavunjika kwa kejeli. Akiambiwa kwamba ni madume tasa, wenye nguvu zote za dume ila mbegu yao haizai, ataelewa papo hapo, tena ataweza kuuliza swali la maana kuliko yote: je, hao wenu wana nguvu kweli?

Swali hilo ndilo linalotakiwa kuulizwa katika kila kikao, kwa Kiswahili na kwa Kiamu, na wataalamu walijibu kwa tarakimu za kizimbani badala ya tarakimu za kiwandani. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina wajibu wa kuandaa maelezo ya aina hiyo pamoja na wanafunzi wa kilimo na zuolojia. Istilahi kama dume tasa, pupa, chambo, mbari na kipimo cha ushindani zisanifiwe na zijaribiwe mbele ya wakulima wenyewe, sio kufungiwa katika kamusi. Neno litakaloeleweka Matondoni ndilo lichapishwe.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba visiwa vya Lamu vina sababu ya kuitamani mbinu ya dume tasa na vina sababu ya kuihofia. Unguja imeonyesha kwamba inawezekana. Kauai imeonyesha kwamba wingi usio na ubora humfunza adui. Mkondo wa Mkanda na mashua za Mokowe zinaonyesha kwamba bahari ya Lamu ina milango mingi. Kwa hiyo mpangilio wa busara ni huu: kwanza usafi wa mashamba na ukaguzi wa matunda katika magati ya visiwani na bara, pili kipimo cha Ras Kitau na cha kizimba cha mwembe, tatu, iwapo dume atafaulu, ndipo mazungumzo ya kiwanda yaanze. Iwapo hatafaulu, itakuwa imeokolewa fedha ya wananchi na, lililo kubwa zaidi, imani yao. Imani ikishavunjwa na mpango mmoja uliokosa maandalizi, mpango wa pili, hata ukiwa bora, hautasikilizwa. Haba na haba hujaza kibaba, na katika vita hivi haba ya madume yenye nguvu itajaza kibaba upesi kuliko pishi ya dhaifu.